Barua kwa mwanangu: habari ya yule bwana wa Sengerema

Igoma, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na wajukuu wapo salama. Huyo mdogo amezoea shule ya Jumapili na anatuimbia kutwa nzima mpaka tunaomba huruma. Sasa nije kwenye lililokufanya uandike.

Umeniuliza, kwa sababu ya huyo bwana wa Sengerema anayetaka kukuoa, kama mwanamke aliyepewa talaka anaruhusiwa kuolewa tena, ndiyo au hapana. Ukaongeza kwamba unataka jibu la baba, siyo la mzee wa kanisa. Utanisamehe, mama, hao wawili wanavaa koti moja. Nimekaa miaka mingi kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, na waliokuja na swali kama lako ni wengi. Aliyejibiwa kwa neno moja mara nyingi alirudi na shida mbili.

Upande wa serikali hakuna mjadala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwanza mpite barazani, mkapita. Inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kutelekezwa miaka mitatu au zaidi ni moja ya mambo ambayo sheria yenyewe inayataja kuwa ushahidi. Hati unayo, uko huru. Wanaosema talaka ya mahakamani ni karatasi tu waache waseme, ila wewe usiidharau. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi ya mwanamke ya kutunza nyumba huhesabiwa kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Kile kiwanja cha Buswelu kimekuja kwa njia hiyo. Na wale waliokuja kudai ng'ombe wa mahari niliwaonyesha wajukuu, nikawauliza kama hawa hawatoshi. Wakanywa chai, wakaondoka.

Shangazi yako bado anasema ungevumilia. Nilimuuliza uvumilie nani, ilhali yule mumeo wa kwanza yuko Katoro na mke mwingine?

Sasa Maandiko. Watu wengi huanzia Mathayo 19 mstari wa 9, wakauruka wa 3. Mstari wa 3 ndio unaosema nani aliuliza na aliuliza nini. Ni Mafarisayo, wanaume, wanauliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe “kwa kila sababu”. Swali hilo halikutoka hewani. Walimu wa Kiyahudi walikuwa wakibishana juu ya Kumbukumbu la Torati 24. Shule ya Shamai ilisema mke haachwi isipokuwa kwa jambo la aibu la uzinzi. Shule ya Hileli ikasema anaweza kuachwa hata kwa kuharibu chakula jikoni. Hati ya talaka aliandika mume. Mwanamke alipewa mkononi, akatoka. Kwa hiyo Yesu alipojibu kwamba aliowaunganisha Mungu mwanadamu asiwatenganishe, na kwamba Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, aliwafungia mlango wanaume waliokuwa wakitafuta kisingizio. Hivyo ndivyo ninavyosoma mimi. Neno lililomkinga mwanamke asitupwe, tukilichukua leo kumfungia huyohuyo aliyetupwa, tumelisoma kichwa chini.

Lakini sitakuficha mistari inayonibana. Mathayo ana maneno “isipokuwa kwa sababu ya uasherati”. Marko 10 hana. Luka 16:18 hana pia, tena anamgusa hata mwanaume anayemwoa aliyeachwa. Ndiyo maana wapo wachungaji wacha Mungu, siyo wakorofi, wanaoshikilia kwamba ndoa ni mpaka kifo na aliyeachwa akae hivyo au apatane na mumewe, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 7:11. Mchungaji wako huko Dodoma akiwa mmoja wao, usimwone adui. Anasoma Biblia ileile.

Halafu Paulo huyohuyo, mistari michache mbele, anasema asiyeamini akiondoka, na aondoke, na ndugu aliyeachwa “hafungiki”. Hapo ndipo warekebishaji wa kanisa wa karne ya 16 waliposimama. Luther alihesabu uzinzi na kutelekezwa kuwa sababu za talaka, na aliyeonewa aweze kuoa au kuolewa tena. Wapresbiteri nao wakayaandika hayohayo mawili katika ungamo lao la imani, Ungamo la Westminster, miaka ya 1640. Waorthodoksi wamepita njia yao. Ndoa ya pili wanaifungisha, hata ya tatu, ila sala za ndoa ya pili zina toba ndani yake, jambo ambalo mimi nalipenda, kwa sababu halijifanyi kana kwamba hakuna kilichovunjika.

Nikipima yote hayo, naona hufungiki. Wewe hukuondoka, uliondokewa. Na uzinzi hakuna anayebisha, maana mwenzio ana watoto kule. Nasita kidogo tu pale wahubiri wengine wanaposema Mkristo anayetelekeza familia ahesabiwe moja kwa moja kuwa asiyeamini. Ni kisu chepesi mno kuwapa watu wenye hasira. Kwako hatukihitaji.

Ungekuwa unaolewa na mtu wa kanisa letu la AIC (Africa Inland Church), ningekuambia ukae na wazee wa kanisa, wasikilize, nami barua ingeishia hapa. Lakini umeniandikia kwamba huyu bwana ni mjane, ni Mkatoliki, na ni mtu wa jumuiya kwelikweli. Basi hesabu ya kanisa lake lazima uijue kabla moyo haujaenda mbali zaidi.

Wewe na yule wa kwanza mlifunga ndoa kanisani, na wote wawili mmebatizwa. Machoni pa Kanisa Katoliki hiyo ni sakramenti, na ikishakamilika kwa kukaa mume na mke hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuivunja: siyo mahakama ya Ilemela, siyo askofu. Hata wewe usiye Mkatoliki kifungo hicho wanakuhesabia. Wao hawana talaka. Walicho nacho ni mahakama ya Kanisa kuchunguza kama tangu siku ile ya harusi kulikuwa na ndoa kweli. Watu wa mtaani huita “kuvunjiwa ndoa na Kanisa”, na hapo ndipo wanapopotea. Hawatakuuliza sana alikuacha lini. Watauliza siku ya kiapo: mlikubali kwa hiari? Yupo aliyelazimishwa? Alikusudia uaminifu, alitaka watoto, alikuwa na akili timamu ya kujua anachoahidi? Kuna jambo kubwa alilokuficha ili umkubali? Ulipata kumwambia mama yako kwamba yule mwanamke wa Katoro na mtoto wao wa kwanza walikuwapo kabla ya harusi yenu, nawe hukujua. Hilo ulieleze lote. Kama linatosha au halitoshi watasema wao.

Usiogope kwamba wewe ni mtu wa kanisa jingine. Mwanandoa yeyote, hata asiye Mkatoliki, anaweza kupeleka shauri la ndoa yake, na kwa kuwa harusi ilifungwa hapa, mahakama ya Jimbo Kuu la Mwanza ina uwezo wa kulipokea. Yule wa kwanza lazima apewe taarifa. Akikaa kimya, shauri linaendelea bila yeye. Kutakuwa na mtu anayeitwa mtetezi wa kifungo cha ndoa, kazi yake ni kutoa hoja zinazoweza kuitetea ndoa ile, kwa hiyo usije ukadhani anakuchukia. Zamani mahakama mbili zilipaswa kukubaliana. Tangu mabadiliko ya Papa Fransisko ya mwaka 2015 hukumu moja ya kutangaza ubatili inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Hata hivyo siyo kazi ya mwezi mmoja.

Na hili nalisema kwa sababu najua litakukosesha usingizi: watoto hawageuki kuwa wa nje ya ndoa. Sheria ya Kanisa inasema waziwazi kwamba waliozaliwa katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali ni halali. Atakayewaambia vinginevyo mlete kwangu.

Utasikia pia kwamba Papa Fransisko aliruhusu talaka. Hakuruhusu. Aliwataka mapadri wawasindikize walioachana na kuoa tena, wasiwatupe, na mwaka 2016 aliandika maneno ambayo maaskofu wenyewe wameyaelewa tofauti. Ruhusa ya kufunga ndoa ya pili haimo. Kuna mama mmoja Mkatoliki huku kwetu, aliachwa, akakaa peke yake, na kwa miaka alijizuia komunyo kwa sababu majirani walimwambia mwenye talaka hapokei. Paroko alipomweleza kwamba talaka peke yake haimzuii, alilia palepale. Majirani wetu wana sheria nyingi kuliko Vatikano.

Sasa yule mchungaji wa pale karibu na stendi aliyekuambia atawafungisha Jumamosi, bila hata kukuuliza hati ya talaka. Huyo sitaki. Anayekupinga kwa Maandiko namheshimu kuliko anayekukubali bila kuuliza. Tena huyu bwana akifunga ndoa pale, kwao atakuwa nje ya sakramenti, na mtu aliyezoea kupokea kila Jumapili atalisikia hilo mwaka wa kwanza au wa tano. Sitaki siku hiyo akutazame wewe kana kwamba ndiwe uliyemtoa. Ikiwa mahakama itakataa na bado mnataka kuoana kwingine, na aamue akijua, naye aje aniambie mwenyewe kwa kinywa chake. Mimi sitawafukuza.

Basi fanya hivi. Nenda kwa paroko wa hapo ulipo, mwombe akuelekeze namna ya kuandika maombi. Andika historia yote kwa mkono wako, usipambe wala usimchafue mtu. Tafuta mashahidi wawili watatu waliowajua kabla ya harusi. Yule msimamizi wako wa harusi wa Nyakato bado yupo na kumbukumbu zake ni nzuri kuliko zangu. Cheti cha ndoa kiko sandukuni kwa mama yako. Hati ya talaka itoe nakala, halisi usimpe mtu yeyote.

Wazee wa huyo bwana wamesema wanataka kuja. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hawana tena kivuko cha kusingizia, waje tu. Waje kunywa chai na kujuana. Barua ya posa waiache kwao kwanza, na neno ng'ombe lisitajwe hapa mpaka shauri lisikilizwe. Uwaambie wewe mapema, maana mimi nikiwaambia mlangoni nitaonekana mkali.

Baba yako