Mshahara Mnauficha Hadi Mwisho, Kwa Nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku. Niliomba kazi kampuni moja, jina naliacha, tangazo limejaa kila kitu wanachotaka wao, elimu, uzoefu, hadi uwe mtu wa kuhimili presha, ila mshahara wameandika "wa kuvutia". Unamvutia nani sasa kama haujulikani?

Nikajaza fomu yao ya mtandaoni, zile ambazo unaweka CV halafu unaambiwa uandike upya yale yale yaliyomo kwenye CV, na kuna kisehemu cha "mshahara wako wa sasa", ukikiacha wazi fomu haisogei. Intavyuu nikaenda, wakanipa na kazi ya kufanyia nyumbani, nikarudi tena mbele ya mabosi, na kila nikiuliza bajeti ya hiyo nafasi dada wa HR anacheka tu, "tutafika huko, wewe tuambie unatarajia ngapi." Mwishoni kabisa ndo wanadai salari slipu, na ofa ilipokuja wameongeza kiduchu juu ya ninacholipwa sasa. Yaani intavyuu zote zile, halafu thamani yangu wameenda kuisoma kwenye karatasi ya mwajiri mwingine! Nikakataa.

Ubaya wake ni kwamba aliyeanza kwa kupunjwa atapunjwa kila anakohamia, na wanawake ndo wanaumia zaidi. Umoja wa Ulaya walishaliona hili, mwaka 2023 wakapitisha sheria kwamba mwombaji aambiwe mshahara wa kuanzia au kiwango chake mapema, kabla hajakaa kujadiliana, na mwajiri haruhusiwi kumuuliza alikuwa analipwa ngapi huko nyuma. Nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026 ziwe zimeiingiza kwenye sheria zao.

Najua kampuni zitasema washindani wataona viwango vyao. Hapana bwana, wanachoogopa ni wafanyakazi waliomo ndani wakijua mgeni anakuja kulipwa zaidi yao, na hilo ni tatizo lao wenyewe sio la mwombaji.

Na nyie wa magazeti pia mnahusika, maana hayo matangazo ya kazi mnayachapisha nyie. Kwani mkimwambia mteja aweke walau kuanzia ngapi mpaka ngapi, atakataa?

Ni mimi msomaji wako,
Bado natafuta kazi