Barua kwa Mwinyi kuhusu uigaji wa migongano

Mpendwa rafiki yangu Mwinyi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Katika barua yako uliuliza kwa nini wanafizikia wa CERN, kile kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, bado wanalia na uhaba wa kompyuta, ilhali mashine za leo zina kasi ya kutisha.

Katika LHC, mashine yao ya kugonganisha chembe, ile pete ya kilomita 27 iliyo chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hupishana mara milioni 40 hivi kwa sekunde. Data ya migongano inayotokea hapo haisemi kitu mpaka ilinganishwe na kile ambacho kigunduzi, yaani mtambo unaonasa alama za chembe, kingeona iwapo nadharia ni sahihi, na ndiyo maana matukio ya kuigwa hutengenezwa kwa mabilioni. Programu kama Pythia hukisia kwa namba za nasibu ni chembe zipi zitakazoruka, kisha Geant4, iliyotolewa mwaka 1998 kurithi ile ya zamani ya Fortran, huzisindikiza chembe hizo ndani ya kigunduzi hatua kwa hatua.

Muda huliwa hasa kwenye kalorimita, sehemu ya kigunduzi inayopima nishati ya chembe. Ile ya ATLAS, kimojawapo cha vigunduzi vya LHC, ina sahani za madini ya risasi zilizokunjwa mfano wa bati la kuezekea, zikiwa zimezama katika argoni ya kimiminika. Elektroni ikiingia humo hutoa fotoni, fotoni (chembe za mwanga) huzaa elektroni na positroni, pacha wake wa chaji chanya, nazo hutoa fotoni nyingine, hata chembe moja ikawa maelfu. Na kwa kila hatua ya kila chembe programu haina budi kuuliza iko wapi, imo ndani ya nini, na litakaloipata ni lipi.

Najua utasema wanunue vichakataji vya michoro (GPU). Hivyo hufanya vizuri pale nyuzi nyingi, yaani misururu ya kazi inayokwenda sambamba, zinapotenda jambo lile lile kwa pamoja, lakini hapa chembe moja inamezwa, ya pili inagawanyika, ya tatu inavuka kuingia kwenye argoni, na nyuzi zilizobaki zinasubiri. Miradi ya AdePT na Celeritas, inayohamishia uigaji huu kwenye vichakataji hivyo, inapambana na tatizo hilo, nami naiona ina mwelekeo mzuri kuliko kelele nyingi ninazozisikia.

Wewe wa mambo ya benki utaelewa haraka shida nyingine: nyuzi zikibadilisha mpangilio wa kujumlisha, jibu nalo hubadilika kidogo. Jumlisha 0.1 na 0.2, kisha ongeza 0.3: kompyuta itakupa 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha ongeza 0.1, utapata 0.6. Tofauti hiyo ndogo ikitosha kugeuza uamuzi mmoja wa nasibu, mvua yote ya chembe hubadilika, na mtu anayetafuta hitilafu hawezi tena kulirudia tukio lile lile. Kwa hiyo Geant4 ilipoanza kutumia nyuzi nyingi, mwaka 2013, kila tukio lilipewa mbegu yake ya nasibu, yaani namba ya kuanzishia namba zake za nasibu, ili matokeo yasitegemee ni uzi upi uliotangulia.

ATLAS sasa huiga sehemu ya kazi hiyo kwa mitandao ya neva (programu za akili bandia) iliyofunzwa, ambayo ni ya haraka mno, ingawa mimi nisingeiamini mahali ambapo haijapimwa dhidi ya Geant4 yenyewe. LHC itakapoboreshwa, migongano katika mpishano mmoja huenda ikafika 200, na mahitaji yatapanda zaidi.

Niandikie mnavyopima mahesabu yenu pale nyuzi zinapobadilisha mpangilio. Nadhani mna mbinu ambazo sisi hatuna.

Wako,
Rashidi