Harambee ya Maabara ya Faiba: Tuufikishe Mwanga Kilomita 80

Kwa heshima kubwa tunawaandikia tena wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani wa chuo chetu cha ufundi hapa Mombasa, na hatufichi kwamba tunaona haya, maana ni ninyi mliotununulia mashine ya kuunga nyuzi za faiba, ambayo kwayo vijana wetu huunga uzi wa kioo wenye njia ya mwanga ya upana wa mikromita 9 tu.

Shida iliyobaki ni umbali. Bunda pekee la faiba tulilo nalo lina urefu wa kilomita 2, na humo karibu mwanga wote hufika salama. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya kipimo akauliza mbona hasara ya mwanga njiani iliyoandikwa ubaoni haionekani, na mwalimu wake hakuwa na la kumwonyesha. Katika kilomita 100, mwanga unaobaki ni takriban sehemu moja ya mia. Isitoshe, katika safari ndefu uzi mmoja hubeba mawimbi 80 au zaidi ya urefu tofauti, ambayo mafundi huyaita rangi ingawa jicho haliyaoni, na kila rangi ina ujumbe wake. Amplifaya ya erbiamu, yaani kifaa cha kuuongezea mwanga nguvu, huzikuza zote kwa pamoja, lakini huzikuza kwa viwango visivyolingana na kuongeza kelele. Nguvu ikizidi, rangi huanza kuingiliana. Kuzisawazisha hakufundishiki kwa chaki.

Mikongo ya faiba ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilitua papa hapa Mombasa mwaka 2009. Je, ndugu zetu, tutaridhika watoto wetu waendelee kuchimba mitaro ya faiba huku wanaosawazisha mwanga wakitoka kwingine?

Tunaomba tujaliwe kununua bunda la kilomita 80, amplifaya moja, multipleksa mbili (vifaa vya kuziunganisha rangi katika uzi mmoja na kuzitenganisha tena), moja kwa kila upande, na kipimo cha kuchambua rangi. Kila mchango utakabidhiwa mweka hazina na kuandikiwa risiti, na hesabu zitabandikwa langoni, Inshallah, kabla ya muhula kwisha.

Mlioajiriwa katika mawasiliano, tunawasihi muulize kazini kama kuna multipleksa za zamani zilizoondolewa mitamboni. Hata yenye rangi nane itatutosha kuanzia, nasi tutaifuata wenyewe.