Shukrani kwa mama wa matatu ya Kondele

Mama uliyeketi kando yangu kwenye matatu ya Kondele Jumanne ile asubuhi, sikukuuliza jina. Ulinisikia nikimwambia dadangu kwa simu kwamba jicho la kushoto linamulika kama radi, vidoa vyeusi vinaelea, na tangu usiku kivuli kimeshuka upande mmoja kama pazia. Haliumi, nikasema, nitanunua dawa ya matone. Ukanigusa mkono: "Mwanangu, nenda hospitali ya macho leo, si kesho." Ukashuka nami, ukaniitia boda, ukamlipa.

Kumbe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imechanika na kuanza kubanduka. Sehemu ya katikati, ile tunayosomea, ilikuwa bado imeshika. Ndiyo maana kila saa ilikuwa na thamani. Walinifanyia upasuaji, wakaziba mpasuko kwa leza, wakajaza gesi jichoni. Nililala kifudifudi siku kadhaa, shingo ikiniuma kweli kweli. Matone yasingeirudisha retina mahali pake.

Ujumbe huu nimeuandika nikiwa nimefunika jicho la kulia. Erokamano, yaani asante, mama. Nauli ya boda ningali nimekuwekea.