Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Msiwatoe wanafunzi wa biokemia maabara

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa wanafunzi na wazazi wao kama linavyotugusa sisi wahadhiri. Mbele ya Seneti kuna pendekezo la kupunguza vipindi vya vitendo kwa shahada ya kwanza ya biokemia, video zishike nafasi ya majaribio, na maabara za utafiti zibaki kwa watafiti na wanafunzi wa uzamivu pekee. Sababu iliyotolewa ni bei ya kemikali na wingi wa wanafunzi. Bei ni kubwa kweli, wala sibishi. Hata hivyo naomba pendekezo hilo lisipite.

Chukua jaribio la kawaida kabisa. Mwanafunzi anachanganya wanga na amilasi, kimeng'enya (kichochezi cha mabadiliko ya kemikali mwilini) kilichomo kwenye mate, kisha kila baada ya muda anadondoshea tone la mchanganyiko kwenye iodini. Mwanzoni rangi ni bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Kadiri wanga unavyovunjwa ndivyo inavyofifia. Video itaonyesha hayo yote vizuri tu. Lakini video hurekodiwa siku jaribio lilipokubali. Darasani, meza moja inapata majibu tofauti na meza ya jirani, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Bafa, kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi, ilikuwa na pH (kipimo cha asidi) gani? Kimeng'enya kilikaa nje ya barafu kwa muda gani? Nani alivuta kioevu kwa kubonyeza pipeti, kifaa cha kupimia kioevu kidogo, hadi hatua ya pili badala ya kuishia ya kwanza, akachukua zaidi ya kipimo? Wapo wanaoukariri mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, unaohusisha kasi ya kimeng'enya na kiasi cha kitu kinachokifanyia kazi, bila kukosea herufi, ila hawajui kwa nini tunashikilia kupima kasi ya mwanzo, kabla wanga haujapungua sana. Wanaelewa siku grafu yao wenyewe inapolala wakati walitarajia ipande.

Hoja ya kwamba kufundisha kunamchelewesha mtafiti nayo naiona haina mashiko. Mkemia James Sumner alianza kuhangaikia yurease, kimeng'enya kinachovunja urea, mwaka 1917 akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwenye vipindi vingi na vifaa vichache. Mwaka 1926 alipata fuwele zake kutoka kwenye unga wa maharage ya Canavalia, akaonyesha kwamba kimeng'enya ni protini. Wakubwa wa fani walimkatalia kwa miaka, lakini mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kuhusu gharama, njia ipo, na inapita kwa wanafunzi hao hao. Kila maabara yetu inayonakili DNA, kemikali inayobeba urithi, kwa mbinu ya PCR inatumia Taq polimerasi, kimeng'enya cha bakteria wa chemchemi za maji moto, Thermus aquaticus. Tunakinunua kwa vichupa vidogo vya bei kali, ilhali kinaweza kuzalishwa ndani ya bakteria E. coli waliopandikizwa jeni yake. Seli zikishapasuliwa, mchanganyiko unapashwa moto hadi nyuzi 75 za Selsiasi: protini nyingi za E. coli zinaganda, Taq inabaki kwenye kioevu. Mashine ya kuzungusha inashusha mabonge chini, na kazi ya kukisafisha inaendelea. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaiweza kazi hii wakisimamiwa. Wakimaliza, wanapima kama kimeng'enya chao kinafanya kazi, na kikifaulu kinaingia friza ya idara kwa matumizi ya utafiti. Hapo somo na utafiti vimefanyika kwenye beseni moja la barafu.

Tutahitaji fundi sanifu wa maabara, kwa sababu aliyestaafu hajapata mrithi na bafa za darasa zima hazijitengenezi. Tunahitaji pia usimamizi wa vitendo uhesabiwe mtu anapoombewa kupandishwa cheo. Kwa sasa zinahesabiwa makala za majarida karibu peke yake, kwa hiyo mhadhiri kijana anayeshinda maabara na wanafunzi anajiumiza mwenyewe.

Kabla ya kura, tafadhali njoo na wajumbe wa Seneti mkae nasi kipindi kimoja cha vitendo cha mwaka wa pili, tangu kugawa bafa hadi kuosha vyombo. Makoti ya maabara tutawaandalia.

Wako mtiifu,
Mhadhiri, Idara ya Biokemia