Shingo ya Masalu

Igombe, Mwanza
Jumapili jioni

Mwangaluka Mama Neema,

Usininunie kwa ukimya. Simu yangu ilitumbukia ziwani nikipokea mzigo, naandika kwa ya mtoto. Huku wazima, ila dagaa hazina bei na mvua inasubiri uanike ndipo inyeshe. Haya.

Ni Masalu. Unajua tangu aanze haloperidoli, ile dawa yake ya kichwa, zile sauti anazozisikia zimepungua, hadi akarudi kunisaidia kuanika. Jumatatu akatapika sana. Nikakimbia duka la dawa, nikapewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Jumanne tunageuza dagaa, namwona shingo inakwenda nyuma yenyewe, kama kuna mtu anamvuta nywele. Macho yakapanda juu, taya likakaza, ulimi nje. Na akili anazo! Nikimwita ananijibu kwa kunibana mkono. Watu wakajaa: pepo wa ziwani, katupiwa kitu, mmoja akammwagia ndoo ya maji. Mama Neema, hata mimi niliyumba.

Hospitali wakamchoma sindano ya promethazini. Haikufika saa nzima, shingo ikarudi, akaomba chai. Daktari akaniuliza, "Ametumia nini kingine?" Nilipomtajia akashika kichwa. Kumbe dawa zote mbili zinazuia kitu kilekile kwenye ubongo, dopamini, zikikutana misuli inaweza kukaza. Akaongeza kwamba akiugua malaria nisimpe mseto kabla ya kuwaambia wanaomtibu, maana ukichanganyika na haloperidoli unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Baadhi ya antibaiotiki nazo, erithromaisini mojawapo. Na akipata homa kali, mwili ukakakamaa na kuanza kuweweseka, nisingoje asubuhi.

Sasa kinachoninyima usingizi. Yule wa duka aliniuliza kabisa, "Ana dawa nyingine anayotumia?" Nikasema hana. Nyuma yangu walikuwa mama mkwe wa Shija na yule muuza vitumbua, unawajua midomo yao. Nikaona aibu kutaja dawa ya kichwa. Aibu yangu mimi, shingo ya mwenzangu.

Masalu mwenyewe hajui kama niliulizwa. Analaumu haloperidoli, jana nimeikuta chini ya godoro, vidonge viwili. Wamempa na benzeksoli ya kulegeza misuli, hiyo anameza bila ugomvi.

Wewe uliyekaa wodi ya Mirembe, hospitali ya akili, niambie: nimwambie kwamba kosa ni langu, au atazidi kuziogopa? Akiziacha ghafla itakuwaje? Nirudi kliniki kuomba abadilishiwe? Na hili jua la kuanikia, ni kweli dawa hizi zinafanya mwili ushindwe kupoa? Kwa yule wa duka nirudi na uso gani? Na nyumba yako, mmeezeka?

Piga namba hii baada ya saa mbili usiku. Mchana mwenye simu anacheza gemu.

Wako,
Mama Kulwa