Barua ya Kufunga Muhula: Maigizo Darasani

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: MAIGIZO KATIKA UFUNDISHAJI

Pamoja na barua hii umepokea ripoti ya mwanao. Humo kuna safu mpya, "Kazi baada ya igizo". Alama zake hazipimi nani hodari wa kuigiza. Zinatokana na aya ambayo kila mwanafunzi huandika kimya kwa dakika 10 igizo likiisha, kwa hiyo mwenye haya hapunjwi.

Kila somo lina mtindo wake. Katika sayansi, wanafunzi wanane hadi kumi huwa chembe za maji. Zikiwa barafu, wanasimama bega kwa bega wakitikisika bila kuhama; zikiwa maji, wanapitana huku wakiendelea kugusana; zikiwa mvuke, wanatawanyika chumba kizima. Hatua ya pili ndiyo yenye mtego. Watoto huachana mno, wakatoka wakiamini kwamba chembe za kimiminika ziko mbalimbali. Wengine hutanua mikono kuonyesha chembe "imevimba" kwa joto. Chembe haivimbi, kinachoongezeka ni nafasi kati yao. Kosa lililochezwa kwa mwili mzima ni gumu kufutika, ndiyo maana mwalimu husimamisha zoezi hapo hapo.

Historia ilitumia korasi ya Kigiriki: kundi linalosimulia kwa sauti moja na kumhoji mhusika. Sauti zikianza kuburuzana, maneno hukatwa vipande vya pumzi moja na kufanyiwa mazoezi kwa kunong'ona kwanza.

Uraia ulitumia mtindo wa Augusto Boal, Mbrazili aliyeuendeleza miaka ya 1970. Igizo la dakika 5 hadi 8 huishia vibaya, tuseme mwanafunzi analazimishwa na wenzake kuwapa majibu ya mtihani. Linarudiwa tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" akachukua nafasi ya anayeonewa. Nafasi ya mwonevu haichukuliwi, kwani mwonevu akigeuka mwema ghafla huo ni muujiza, na darasa halijajifunza kitu. Anayeigiza mwonevu naye hatakiwi kulegea upesi. Baada ya kila jaribio mwezeshaji huuliza, "Hili linawezekana kweli?" Kisa halisi cha mtoto aliyemo darasani hakiigizwi kamwe.

Basi mwanao akikuambia, "Leo nilikuwa mwonevu," usishtuke. Mwishoni kila mwigizaji hutaja jina lake halisi na kurudisha kitambaa cha uhusika kabla ya kuketi. Akiendelea kuitwa kwa jina la mhusika nje ya darasa, tafadhali tujulishe, maana hatua hiyo itakuwa imerukwa.

Kazi ya likizo haihitaji mavazi wala kukariri. Mtoto achague tukio moja kutoka daftari la historia, apange watu watatu au wanne wa nyumbani katika picha tatu zisizosogea: kabla ya tukio, lenyewe, na baada yake. Kila picha ikae sekunde 10. Akikugusa bega, sema sentensi moja kama mtu unayemwakilisha. Usimsahihishe mkao, muulize tu, "Kwa nini umeniweka hapa?" Jibu aliandike kwa mistari sita na kulileta siku ya kwanza ya muhula ujao.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu